Pua ya Posta

Ihembe, Karagwe
9 Februari 2023

Mjukuu wangu Vero,

Kuna jambo nimelificha tangu Septemba 1974, nalo linahusu mbwa wa babu yako Dastan. Nimeliandika kabla ya salamu kwa kuwa najijua. Nikianza na salamu nitaijaza karatasi, nitatia sahihi, na nitashukuru kwamba nafasi imekwisha.

Sasa tusalimiane. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hapa hatujambo kwa kiasi chetu. Mkwe wangu Immaculata ananitunza kama yai: uji asubuhi, vidonge vitatu, kisha ananishika mkono mpaka kwenye kiti cha barazani na kuniagiza nisiondoke, kana kwamba nina pa kwenda. Migomba ya bondeni imepata mnyauko, tumeng'oa mashina kumi na manne na kuyafukia. Kahawa imechanua mpaka kibanja kizima kinanukia. Daktari alisikiliza moyo wangu kwa muda mrefu, akaniuliza umri. Nikamwambia themanini. Akasema, "Basi umefanya kazi." Sikumuuliza kama alikuwa akisema na mimi au na moyo.

Katika barua yako ya Krismasi umeniuliza jinsi ya kuchagua mbwa wa kumfuata mnyama aliyejeruhiwa kwa kunusa damu yake. Nimefurahi kuulizwa. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na mitano, na siku hizi hakuna anayeniuliza hata saba mara nane.

Usimchague kwa rangi wala kwa ukali. Chukua nusu kikombe cha damu ya mbuzi, idondoshe tone moja moja kwenye nyasi mwendo wa mita mia tatu, weka kona mbili, kisha iache ilale mpaka kesho yake. Mlete mbwa kwa kamba ndefu na wewe unyamaze. Usimtazame anapoipata damu, maana kila mbwa huipata. Mtazame anapoipoteza. Mbwa wa hovyo akiipoteza hukimbia huku na huku ili umwone anafanya kazi, kama mwanafunzi anayeandika sana kwa sababu hajui jibu. Mbwa mwenye pua husimama. Hurudi mwenyewe hadi pale alipoipata mara ya mwisho, akaanza upya. Huyo mchukue hata kama ana sikio moja.

Ama huyo mwembamba wa miguu mirefu uliyemtaja, usiamue kwa kufuata maneno yangu ya zamani. Jambo nililotaja hapo juu linamhusu. Nitaliandika. Leo mkono umechoka.

Babu yako,
Cleophace Kashaija


Bugomora, Kyerwa
3 Machi 2023

Shikamoo Babu,

Barua yako ilikaa siku kumi na moja Omurushaka katika duka la binamu Joviana, ikanifikia inanuka dagaa. Nimeisoma barabarani nikiwa nimesimama.

Mama hajambo na anakusalimu. Wamemchagua kuwa mwenyekiti wa akina mama wa kigango, na sasa ana sauti ya mwenyekiti hata tukiwa wawili jikoni. Mimi ni mzima, ila miguu. Tangu Januari tumeshatoa nyaya mia mbili na kumi kwenye njia za wanyama pembeni mwa hifadhi. Kutega waya ni kazi ya dakika mbili, na kuutafuta ni kazi ya siku nzima. Lakini nyaya si tatizo langu kubwa. Tatizo langu ni wanyama wanaoukata waya na kuondoka nao. Wiki iliyopita tulimfuata pongo jike aliyekuwa na kitanzi mguuni. Tuliona damu kwenye majani matatu, kisha hatukuona kitu tena. Siku ya tano tai walituonyesha alipo. Babu, nimesomea kutibu wanyama na nimebeba dawa zote mgongoni, lakini sina njia ya kumfikia mgonjwa.

Ndiyo sababu ya mbwa. Mradi umekubali mmoja tu, kwa majaribio. Natakiwa kumchagua kabla ya tarehe 30 Juni, na atakaa hapa nyumbani kwa Mama maana kambini hakuna mahali. Nikishindwa kumpata, au nikimpata asiyefaa, nafasi itapelekwa wilaya nyingine.

Wako wawili, wote wa miezi tisa, kwa Mama Nyirabageni wa Songambele, yule anayefuga mbwa kama wengine wanavyofuga kuku. Mmoja anaitwa Gunia. Mnene, masikio yanaburuta, pua kama kiatu. Wa pili ni jike, anaitwa Fimbo. Baba yake alikuwa mbwa wa mbio, wale wenye tumbo lililoshikana na mgongo, aliyeachwa na mhandisi wa barabara alipohamishwa. Mama yake ni chotara wa mbwa wa kuchunga kondoo. Nilimwomba Mama Nyirabageni anishauri, akaniambia: "Gunia atakupenda. Fimbo atakufanyia kazi. Chagua unachokikosa."

Nilifanya jaribio lako la damu. Gunia alikwenda vizuri mpaka kona ya kwanza. Fimbo alinyanyua kichwa akakaa anatazama mbuzi waliokuwa kilima cha pili. Nikakumbuka msemo wako uliotulea wote: mbwa wa miguu mirefu huwinda kwa jicho, damu ikikauka hana habari.

Na Mama ameshasema. Nilipomweleza sura ya Fimbo aliacha kumenya ndizi. Akasema mbwa wa sura ile alimwacha baba yake porini, akarudi nyumbani kula, na watu wakatafuta siku sita. Mbwa wa sura ile hatakula kwake. Unajua wakati ule Mama alikuwa na miaka mitatu. Kinachomtuliza ni kile ulichomwambia zamani, kwamba babu Dastan alikufa papo hapo bila kuteseka.

Wewe ni mdogo wake, na ndiye babu pekee niliyemjua. Sasa unaniambia nisifuate maneno yako. Nifuate yapi? Ulificha nini?

Vero


Ihembe, Karagwe
6 Aprili 2023

Mjukuu wangu, Daktari wa Ng'ombe,

Salamu nyingi kwako na kwa Mwenyekiti. Ng'ombe wa Immaculata amezaa ndama jike mwenye alama nyeupe usoni. Mvua imekata njia ya chini, kwa hiyo Pasaka hii padri hatafika kigangoni kwetu na tutasali wenyewe. Mimi nalala nikiwa nimekaa, maana nikilala chali pumzi inakataa.

Umeuliza nilificha nini. Kwanza umjue Posta, kwa kuwa ninyi mlisimuliwa kosa lake tu.

Dastan alimpata kwa kubadilishana na mkuki. Alikuwa mrefu, mbavu zake ungeweza kuzifundishia kuhesabu, na manyoya yake yalisimama kama nyasi za paa lililozeeka. Watu walimcheka Dastan mpaka akacheka nao. Akamwita Posta kwa ajili ya lori la barua la Bukoba, ambalo halikuwa likimsubiri mtu.

Jioni moja Dastan alimchoma pongo mkuki wa paja, giza likaingia, tukarudi nyumbani. Asubuhi tukampeleka Posta mahali pale. Umande ulikuwa umelala juu ya kila kitu. Alinusa jani moja, akafunga macho kidogo kama mtu anayekumbuka jina, akaanza kutembea. Hakukimbia, alitembea. Mwendo wa saa nzima damu ilitupeleka hadi kwenye mji wa watu waliokuwa wakimwoza binti yao. Ngoma zilikuwa zimekesha, rubisi ya ndizi imemwagika, ng'ombe wamepita, na nyayo za watu zaidi ya mia zilikuwa juu ya damu ile, kama kweli ilikuwapo. Nikamwambia Dastan turudi. Posta akainamisha kichwa akapita katikati ya arusi. Alipita chini ya benchi la wazee, akakwepa mguu wa bwana arusi, hakutazama nyama wala mbwa wenzake, akatokea upande wa pili penye migomba. Wazee waliacha mirija midomoni. Mmoja akasema, "Huyo ametumwa." Tulimkuta pongo nyuma ya mashamba, ndani ya shimo la udongo wa kufinyangia vyungu.

Nimezeeka nikisoma vitabu vingi, na sijaona maelezo yanayonitosha. Jicho langu liliona majani. Yeye alikuwa anaona jana. Nadhani Mungu aliitengeneza pua ya mbwa siku ambayo hakuwa na haraka.

Sasa nimesoma nilichoandika, na najua wewe pia umekiona. Mbwa wa namna hiyo si yule niliyewasimulia maisha yenu yote. Sitaufuta ukurasa huu. Lakini sijaweza kuongeza wa pili.

Mjaribu tena Fimbo. Safari hii usitumie damu ya mbuzi wa kuchinjwa. Mbwa mwingine hajui kucheza. Hatumii pua mpaka kazi iwe ya kweli.

Babu yako,
Cleophace


Bugomora, Kyerwa
14 Mei 2023

Shikamoo Babu,

Mama hajambo, maharage yetu yametoka vizuri, na nimepona malaria. Nisamehe, siwezi kuendelea na habari za nyumbani, mkono unanikimbia.

Alhamisi saa tatu asubuhi Ildefonsi, askari wetu wa wanyamapori, aliona pongo dume mwenye waya uliozama kwenye mguu wa mbele. Alimfuata mpaka damu ikaisha. Saa saba ikanyesha mvua ya mawe. Ilinyesha mpaka jioni, mifereji ikajaa. Ijumaa alfajiri nilikwenda Songambele kwa pikipiki, nikamwambia Mama Nyirabageni anipe wote wawili, akaja nao mwenyewe.

Tulianza na Gunia. Alivuta kamba kwa nguvu nikafurahi. Baada ya mita mia mbili alifika kwenye kijito, akazunguka, akazunguka tena, kisha akatupeleka kwa furaha kubwa hadi kwenye zizi la mbuzi la mtu.

Tukamleta Fimbo. Babu, alisimama pale pale kwenye damu ya jana iliyooshwa na mvua, akanyanyua kichwa akatazama mbali, na Ildefonsi akaguna, maana na yeye ameshausikia msemo wako kutoka kwangu. Kisha alishusha pua mpaka ikagusa tope. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikataka kumsukuma. Akaanza kutembea.

Alivuka kijito, akatokea ng'ambo na kusimama. Ng'ombe walikuwa wamepita hapo asubuhi ile, kundi zima, ardhi imevurugika. Akaipoteza. Nikakumbuka ulivyosema, nikanyamaza, nikamtazama. Aligeuka mwenyewe, akarudi hatua kama thelathini hadi kwenye jiwe fulani, akalinusa, akachukua mstari mwingine uliopita pembeni mwa ng'ombe. Ildefonsi akavua kofia. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Daktari, huyu anasoma."

Tulitembea saa tatu na nusu. Hatukuona hata tone moja. Tulipita juu ya mwamba mtupu, nikafikiri hapa mwisho, mwamba hauna kumbukumbu. Unayo. Aliufuata ufa mmoja kama mtu anayefuata maandishi kwa kidole. Mimi nyuma yake sikuwa na kazi yoyote isipokuwa kushika kamba. Niliona haya, Babu, si kwa kosa lolote. Niliona haya kwa jinsi dunia ilivyojaa habari ambazo nimekuwa nikizikanyaga.

Alisimama mbele ya kichaka. Hakubweka. Aligeuza shingo akanitazama usoni, akasubiri. Pongo alikuwa ndani, hai. Alipotusikia aliruka akakimbia kwa miguu mitatu, na hapo nikaelewa kwa nini watu huchanganya uzao wa mbwa wa pua na wa miguu mirefu. Nilifungua kamba. Fimbo alimfikia kabla ya mteremko, akamzuia kwa kumzunguka, bila jino hata moja, mpaka Ildefonsi akampata kwa sindano ya usingizi. Tulikata waya, nikasafisha kidonda, nikamchoma dawa. Baada ya nusu saa pongo alisimama, akajikung'uta, akaingia msituni bila kutuaga.

Mama Nyirabageni, ambaye hasifii kitu, alisema tu, "Nilikwambia."

Nikiwa njiani kurudi sikumfikiria pongo. Nilimfikiria babu Dastan. Ulituambia Posta alipoteza harufu mtoni, na kwamba mvua ya usiku ule ilifuta kila kitu. Lakini Fimbo ni mtoto, hajafundishwa, amevuka kijito na mvua ya mawe. Na Posta, kwa maandishi yako mwenyewe, alipita katikati ya arusi.

Nilimsimulia Mama yote. Alisikiliza, macho yakamng'aa kama yangu, kisha akasema ni ajabu ya Mungu na jibu bado ni hapana. Akasema, "Cleophace ndiye aliyekuwapo. Yeye akiniambia mbwa yule hakuwa na kosa, nitampikia huyu wako kwa mikono yangu."

Vero


Ihembe, Karagwe
24 Mei 2023

Vero,

Nimepata barua yako na nimeisoma mara tatu. Immaculata amenikuta nalia akadhani ni moyo, akaniongezea kidonge. Nakupongeza kwa pongo.

Kuhusu lile ulilouliza, mvua ya mwaka ule ilikuwa kubwa kuliko hiyo yenu, na mto ulikuwa umejaa. Mbwa mzuri naye huwa na siku mbaya. Mwambie mama yako hivyo.

Ndama anaendelea vizuri.

Cleophace


Bugomora, Kyerwa
5 Juni 2023

Shikamoo Babu,

Nilimsomea Mama barua yako. Akasema, "Siku mbaya ya mbwa ilinigharimu baba." Akaondoka.

Zimebaki siku ishirini na tano. Juzi Ildefonsi ameona pongo mwingine mwenye waya shingoni, na hatukumpata. Gunia nimeshamkataa. Bila Fimbo sina mbwa, na Fimbo hana pa kulala isipokuwa kwa Mama, na Mama anasubiri neno lako.

Nimekaa na barua zako zote mezani. Ya kwanza inasema kuna jambo umelificha. Ya mwisho inasema hakuna kitu. Sitakuuliza zaidi ya hili moja, na sitakukasirikia kwa jibu lolote: Posta alipoteza harufu, au hakupoteza?

Vero


Ihembe, Karagwe
17 Juni 2023

Vero,

Leo sina habari za ndama.

Barua yangu ya Mei ilikuwa ya uongo. Mvua ya mwaka ule haikuwa na kosa, na mto haukujaa. Posta hakupoteza harufu.

Nimeshaungama kwa mapadri wanne katika maisha yangu. Kila mara nilisema nilikuwa mwoga, bila kusema nilimwogopa nani, nao wakanipa sala za woga wa kawaida. Wewe nakueleza kwa sababu ulimfuata mbwa saa tatu na nusu ukaona haya bila kuwa na kosa. Nimekuwa nikisubiri kwa miaka mingi mtu wa kunielewa, na nilikuwa nikiomba asipatikane.

Tulitoka asubuhi, Dastan, mimi na Posta. Dastan alimchoma pongo kwa mkuki. Posta akaishika damu, Dastan nyuma yake, na mimi nyuma ya Dastan hatua kama mia, kwa kuwa nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya ualimu vinavyoteleza, na Dastan alikuwa amenicheka kwa ajili hiyo tangu nyumbani. Wakaingia kwenye kichaka cha miiba kando ya matete. Humo alikuwa amelala nyati mzee, dume la peke yake. Sikumwona. Nilisikia matete yakivunjika, nikasikia Dastan akipiga kelele mara moja, kisha pakawa kimya. Nikapanda mgunga. Sikumbuki nilivyoupanda. Nakumbuka nilikuwa juu na viatu vilikuwa chini.

Baada ya muda Posta alitoka. Damu ya pongo ilikuwa bado mbichi kwenye nyasi mbele yake. Akaivuka kama mtu anavyovuka maji, akafuata nyayo zangu hadi chini ya mti. Alikuwa na damu kifuani isiyokuwa yake. Akanitazama. Akaenda mpaka mdomo wa kichaka, akageuza shingo akanisubiri, kama huyo wako alivyokusubiri. Sikushuka. Akarudi, akanitazama, akaenda tena. Mara tatu, Vero. Mara ya nne alilala chini ya mti, kichwa juu ya viatu vyangu.

Nimestaajabia jambo hilo karibu miaka hamsini. Mbwa aliyelelewa kufuata damu ya mnyama aliiacha damu ya mnyama, akafuata harufu ya mtu mzima asiye na jeraha, ili amlete kwa aliyejeruhiwa. Hakuna aliyemfundisha. Nimefundisha watoto wa watu miaka yote ile na sijui kama niliwahi kufundisha kitu cha kufikia hapo. Maandiko yanasema malaika walitumwa kwa wachungaji. Mimi nilitumiwa mbwa, nikakaa juu ya mti.

Usifikiri nyati alinizuia siku nzima. Nilimwona akitoka kwenye matete na kuvuka mbuga, akaenda mpaka akawa mdogo kama mende. Ilikuwa bado mapema. Ningeweza kushuka. Lakini kufikia hapo nilikuwa nimeshakaa muda mrefu, na kila dakika niliyokaa ilikuwa inanitaka nieleze kwa nini nilikaa. Jua lilipoelekea magharibi nilishuka, nikavaa viatu, nikamfunga Posta kamba nikamburuta nyumbani. Alinipinga njia nzima.

Nikawaambia watu kwamba tulitengana, na kwamba mbwa alipoteza harufu mtoni. Wazee wakauliza kama kesho anaweza kuturudisha. Nikasema hana pua, ana miguu tu. Huo ndio mwanzo wa msemo uliowalea. Nikawapeleka kutafuta ng'ambo ya mto siku tano. Siku ya sita wachungaji walimkuta Dastan upande wa huku, kichakani, na tulichozika hakikujaza sanduku. Unajua desturi yetu ya zamani: mbwa wa uwindaji aliyerudi bila bwana wake halishwi tena katika mji ule. Wazee walikata shauri afe. Kamba nilishika mimi. Posta alinifuata bila shida, maana alidhani hatimaye tunakwenda.

Sasa kazi yako. Mchague Fimbo. Usingoje tarehe. Mwambie mama yako Celestina nimesema kwa mkono wangu kwamba mbwa wa baba yake hakuwa na kosa lolote, na kwamba tangu akiwa na miaka mitatu amekuwa akimchukia asiyestahili. Msomee barua hii yote, mpaka mwisho. Usiruke neno kwa kunihurumia, wala kwa kumhurumia yeye. Akitaka kuja, aje. Immaculata ataniweka barazani, sitakimbia.

Limebaki moja. Celestina aliponiuliza akiwa msichana, nilimwambia baba yake alikufa papo hapo. Nilidhani namtuliza yeye.

Posta alipotoka kichakani alikuwa na kitambaa shingoni. Kilikuwa cha shati la Dastan, la kaki, kimechanwa pindoni, na asubuhi mbwa hakuwa nacho. Niliposhuka nilikifungua, na ilinichukua muda, maana kilikuwa kimefungwa fundo mara mbili na kukazwa kwa nguvu. Nilikitupa mtoni. Niliwapeleka watu ng'ambo kwa sababu niliogopa tukimkuta atakuwa bado anaweza kusema. Nyati nilimwogopa asubuhi tu. Siku tano zilizofuata nilimwogopa kaka yangu.

Dastan alikuwa hai, alimtuma mbwa kwangu, nami nilikijua kile kitambaa tangu nikiwa juu ya mti, saa tano asubuhi.